Taklifu na Uwezo: Nani Anapaswa Kuwa Tayari kwa Masomo ya Mtandaoni?

Utayari wa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa masomo ya mtandaoni ni hali ya kuweza kusoma, kuuliza, kujadiliana na kufanya mitihani kwa kompyuta au simu iliyounganishwa na intaneti, bila kulazimika kukaa ukumbini mbele ya mwalimu. Kwa kawaida hupimwa kwa dodoso. Mojawapo ya vipimo vinavyojulikana sana kilitungwa na Min-Liang Hung na wenzake nchini Taiwan, kikachapishwa mwaka 2010. Kina matamko 18 yaliyogawanywa katika mafungu 5: kujiongoza katika kusoma, ari ya kusoma, kujiamini katika kutumia kompyuta na intaneti, kudhibiti mwenendo wa masomo, na kujiamini katika kuwasiliana mtandaoni. Mwanafunzi husoma kila tamko na kuonyesha kiasi anachokubaliana nalo. Anayejiona kuwa anapanga muda wake vizuri, havutwi na mambo mengine ya mtandaoni, wala haoni haya kuuliza swali kwa maandishi, huhesabiwa kuwa tayari.

Matamko yote hayo yanamhusu mjibuji peke yake. Hakuna linalouliza kama umeme hukatika, kama bando hufika mwisho wa wiki, kama nyumbani kuna meza, au kama lugha ya somo ndiyo lugha anayofikiria. Watunzi hawana kosa, kwa kuwa walikuwa wakichunguza wanafunzi wa nchi ambako mambo hayo yalikwisha kupatiwa ufumbuzi. Lakini kipimo cha namna hiyo kikiletwa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza huja na dai la kifalsafa ndani yake: kwamba utayari ni sifa ya nafsi, kama subira au ujasiri, na asiye nayo amepungukiwa yeye mwenyewe. Dai hilo linastahili kuchunguzwa kabla mtu yeyote hajahesabu alama. Huenda utayari si sifa ya mtu hata kidogo, bali ni uhusiano kati yake na vitu, watu na taasisi zinazomzunguka. Na kama ni uhusiano, lazima iulizwe ni nani mwenye wajibu wa kuukamilisha.

Tanzania haikuanza jana kufundisha kwa masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kuwafundisha kwa masafa walimu, makarani na askari ambao wasingeweza kuacha kazi ili wakaishi chuoni. Vitabu vilichapwa, vituo vya mikoa vikafunguliwa, na wanafunzi wakakutana ana kwa ana kwa vipindi vichache vya mwaka. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha AVU, mradi wa chuo kikuu cha masafa kwa nchi za Afrika, ambao baadaye makao yake yalihamia Nairobi. Masomo yake ya mwanzo yalirushwa kwa setilaiti, mengi yakitoka katika vyuo vya ng'ambo. Nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009, vyuo vilipata njia ya haraka zaidi, na mifumo ya kufundishia kama Moodle ikaenea. Hata hivyo, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga vyuo Machi 2020, vingi nchini vilisimamisha masomo hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni. Mifumo ilikuwapo, kurasa za masomo zilikuwapo, na wengi wa wanafunzi walikuwa na simu. Kilichokosekana hakikuwa kitu kimoja ambacho mtu angeweza kukinyooshea kidole.

Elimu ya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, inayosomeshwa misikitini na katika madrasa za pwani kwa karne nyingi, ina chombo kinachofaa sana kwa swali hili. Mtu hakalifishwi asiloliweza. Huo ndio msingi wa taklifu, yaani kumwekea mtu wajibu, na mfano wake ulio wazi ni hija. Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na wanazuoni walipoeleza uwezo huo hawakuishia kwenye afya na mali ya msafiri. Waliingiza masurufu ya watu anaowaacha nyuma, wakaingiza chombo cha kumfikisha, wakaingiza na usalama wa njia. Mtu mzima wa afya, mwenye fedha mkononi na nia safi moyoni, faradhi haijamfikia ikiwa njia imekatwa na wanyang'anyi. Njia haimo ndani ya mtu, lakini imo ndani ya uwezo wake. Wanazuoni hao waliona jambo ambalo dodoso za utayari hazijaliona: kwamba haiwezekani kumpima mtu uwezo wa kufika mahali bila kuipima njia yenyewe.

Amartya Sen, mchumi na mwanafalsafa mzaliwa wa India, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kwake, haki haipimwi kwa vitu ambavyo watu wamegawiwa, bali kwa yale ambayo kila mmoja anaweza kweli kuyafanya, na vile anavyoweza kuwa, kwa kutumia vitu hivyo. Kitu kilekile huzaa uwezo tofauti mikononi mwa watu tofauti. Gigabaiti moja kwa mwanafunzi anayeishi bwenini, karibu na mnara wa simu, mwenye kompyuta mpakato, ni mihadhara kadhaa na makala za kusoma. Gigabaiti ileile kwa mwenzake aliyerudi kijijini, ambako mtandao hushika juu ya kilima tu na simu huchajiwa dukani kwa kulipia, huishia katika kujaribu kufungua ukurasa uleule mara nyingi. Wote wawili wamepewa sawa, na mmoja tu ndiye aliyewezeshwa.

Mambo ya vifaa yanajulikana kiasi cha kutohitaji maneno mengi. Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, hugawanywa kati ya chakula, pango, karatasi za kurudufu na wakati mwingine ada ya mdogo wa mwanafunzi huko nyumbani, na bando husubiri zamu. Wengi husomea kwenye simu janja yenye kioo cha upana wa kiganja, ambayo hufaa kusoma tangazo lakini hutesa anayeandika insha ya kurasa 15. Miezi ya mgawo wa umeme ya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ilipanga saa za kusoma kwa niaba ya kila mtu. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia sana. Siku hiyo hakuna ari wala nidhamu ya mwanafunzi ambayo ingeweza kuongeza chochote. Mwanafunzi hodari kuliko wote na mvivu kuliko wote walikuwa sawa mbele ya kioo kisichofunguka.

Nyumba nayo ni sehemu ya njia. Chuo cha kuishi humpa kijana jambo ambalo halionekani kwenye orodha ya majengo: ruhusa ya kutopatikana. Akiwa bwenini, hata wakibebana wanne katika chumba cha wawili, jamaa wote wanajua yuko masomoni na kutopatikana kwake kunaeleweka. Akirudi nyumbani na masomo yake yakawa ndani ya simu, anaonekana kama mtu aliyekaa bure akichezea simu. Kuna maji ya kuchota, duka la kuangaliwa, wadogo wa kulishwa. Uzito huu hauwaangukii wote kwa kipimo kimoja. Binti aliye mwaka wa pili wa sheria, akiwa sebuleni kwa mama yake, ni binti wa nyumba kwanza, na kuomba kuachwa saa mbili na kipindi cha mtandaoni ni ombi analolifikiria mara mbili kabla ya kulitamka. Kaka yake huomba kwa urahisi zaidi na mara nyingi haombi kabisa. Dodoso itakapomuuliza binti huyo kama anasimamia muda wake vizuri, atajibu kwa ukweli kwamba hapana, na jibu lake litaandikwa kuwa ni udhaifu wa kujiongoza.

Hata vifaa vikipatikana vyote, linabaki fungu la kwanza la kipimo, nalo ndilo gumu. Masomo ya mtandaoni humtaka mwanafunzi ajiongoze: apange kazi, ajue asichokijua, atafute, ajisahihishe, aendelee bila kusukumwa. Aristotle alieleza katika kitabu chake cha maadili kwamba mtu hupata tabia njema kwa kuitenda. Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Kujiongoza ni tabia ya namna hiyo. Haizaliwi na mtu wala haipatikani kwa semina ya siku moja ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Ni tunda la miaka ya kufanya kazi ambazo jibu lake halijulikani mapema, chini ya macho ya mtu anayesaidia kidogo na kidogo zaidi. Hapo ndipo duara linapojifunga: masomo ya mtandaoni yanadai mwanzoni kitu ambacho elimu hutarajiwa kukizaa mwishoni. Kumtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aje nacho tayari ni kuhamishia kwake kazi ambayo shule haikuifanya.

Na shule nyingi hazikuifanya. Kijana wa Kitanzania hufika chuo kikuu baada ya kupita kwenye vichungio vya mitihani ya taifa, na njia iliyomfikisha ni kukariri, tuisheni na kufanya tena na tena mitihani ya miaka iliyopita. Amejifunza kwamba swali lina jibu moja na kwamba jibu hilo lipo kwa mtu fulani. Chuoni anakuta madesa, zile kurasa za maelezo zinazorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, na hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, humfundisha kwamba usalama uko ndani ya madesa hayo. Mwanafunzi huyu si mvivu. Mara nyingi amekesha kuliko mwanafunzi yeyote wa nchi tajiri. Juhudi yake imefunzwa kuelekea upande mmoja, na masomo ya mtandaoni yanamtaka aelekee upande wa pili bila mtu wa kumwonyesha njia.

Nchi yenyewe ilikwisha kuliona jambo hili zamani. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjenge kijana awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kwa wengine na kuchagua katika hayo kinachofaa mahitaji yake, na ajiamini kama raia huru aliye sawa na wenzake. Ukizitazama sifa hizo tatu, ndizo hasa zinazotafutwa leo na wapimaji wa utayari, kwa majina mapya. Lakini tofauti ni kubwa. Katika waraka ule sifa hizo ni deni la shule kwa mtoto. Katika dodoso ni deni la mwanafunzi kwa chuo.

Lugha huongeza uzito ambao haujadiliwi vya kutosha. Mtoto husoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili katika shule za serikali, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Katika ukumbi wa mihadhara, walimu wengi wanalijua tatizo na hulitibu papo hapo: mhadhara unakwenda kwa Kiingereza, nyuso zikionyesha giza mwalimu huhamia Kiswahili kwa dakika tano, hutoa mfano wa dalali wa Kariakoo au wa mkulima wa korosho, kisha hurudi. Dakika hizo tano mara nyingi ndiyo elimu yenyewe. Somo linapohamishiwa mtandaoni, kinachohama ni maandishi rasmi na slaidi, vyote vya Kiingereza. Ufafanuzi wa Kiswahili unabaki ukumbini, kwa sababu haukuandikwa popote na mwalimu haoni tena nyuso zilizokuwa zikimwita. Mwanafunzi anayeonekana hayuko tayari kwa teknolojia huenda anaelewa teknolojia vizuri sana, na kilichompotea ni yule mfasiri wake.

Hilo linafungua swali kongwe kuliko mitambo yote: je, maarifa yanaweza kupokelewa kweli pasipo kuwapo kwa mwalimu? Plato, katika mazungumzo ya Phaedrus, anamwonyesha Socrates akiyashuku maandishi kwa sababu ukiyauliza swali hurudia yaleyale, wala hayajui yanasomwa na nani. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alishikilia kwamba elimu inayopatikana kwa kukutana na mashekhe na kuketi nao huota mizizi imara zaidi kuliko ile ya kusoma peke yako, na ndiyo maana akausifu usafiri wa kutafuta elimu. Madrasa za Lamu, Unguja na Tanga ziliijenga imani hiyo katika desturi: Qurani hupokelewa kinywani mwa mwalimu, na ruhusa ya kufundisha kitabu, yaani ijaza, hutolewa na mtu kwa mtu aliyemsikia akisoma. Katika zama zetu, mwanafalsafa Hubert Dreyfus wa Marekani alitoa hoja mwaka 2001 kwamba mtandao unaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye umahiri wa kiasi, lakini ustadi wa juu unadai mwili uliopo mahali, hatari ya kukosea mbele ya watu, na mtu wa kuigwa.

Hoja hizi ni nzito, na anayefundisha udaktari au uhandisi hahitaji kushawishiwa sana. Hata hivyo zinapaswa kukabiliana na ukweli wa vyuo vya umma. Somo la lazima lenye wanafunzi mia kadhaa, baadhi wakiandika wamesimama dirishani, si mazungumzo ya Socrates wala si halaka, yaani duara la masomo, ya Ibn Khaldun. Mwalimu yupo kwa mwili, lakini aliye nyuma hawezi kumuuliza kitu, na wengi humaliza muhula bila mwalimu kuyajua majina yao. Kwa wanafunzi hao, mhadhara uliorekodiwa unaoweza kusimamishwa na kurudiwa, pamoja na jukwaa ambamo mwenye haya anaweza kuuliza kwa maandishi, unaweza kumsogeza mwalimu karibu zaidi. Kwa hiyo kinachopaswa kulindwa ni mwalimu kumjua mwanafunzi na kumjibu, awe ukumbini au awe mbali. Anayeweka mafaili kwenye Moodle mwanzoni mwa muhula na asionekane tena hadi mtihani amemnyima mwanafunzi kitu kilekile ambacho ukumbi uliojaa ulimnyima.

Hapa mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana neno la kufaa. Katika kitabu cha elimu kinachofungua Ihya, kazi yake kubwa, alieleza wajibu wa mwanafunzi, kisha mara moja akaeleza wajibu wa mwalimu, ukiwamo wa kumpa mwanafunzi kwa kadiri ya fahamu yake na kumhurumia kama mtoto wake. Kwake utayari una pande mbili tangu mwanzo. Mwalimu asiyejua mwanafunzi wake amefika wapi hayuko tayari kufundisha, hata awe na elimu kiasi gani. Tafiti za utayari zingekuwa na haki zaidi kama kwa kila dodoso ya mwanafunzi kungekuwa na nyingine ya mwalimu, na ya tatu ya chuo.

Lipo pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa: watu wamesoma katika hali ngumu kuliko hizi. Wafungwa wa kisiasa wa Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, walisoma kwa posta, wakiwa na ruhusa iliyoweza kufutwa wakati wowote. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Je, hilo halithibitishi kwamba nia ikiwapo, mengine ni visingizio? Halithibitishi. Wafungwa wale walifundishana. Waliosoma zaidi waliwafundisha wasiojua kusoma, walijadili wakivunja mawe machimboni, walipeana vitabu na maelezo kwa siri. Aliyekuwa mbali na chuo alikuwa na darasa pembeni yake. Ushindi wao unaonyesha jinsi kundi linavyoweza kuziba pengo ambalo mtu mmoja asingeliziba.

Jambo hilohilo linaonekana leo kila siku. Kiongozi wa darasa, anayejulikana kama CR, hupokea faili kutoka kwa mwalimu na kulisambaza kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye bando huwashirikisha wenzake kwa simu yake, mwenye kompyuta mpakato hupakua kwa niaba ya watano, na aliyeelewa swali huwaeleza wengine kwa sauti iliyorekodiwa, kwa Kiswahili, usiku wa manane. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alifundisha tangu 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu huwapo kwa kuwapo kwa wenzake. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu upana wa dai hilo, lakini kuhusu utayari wa mtandaoni lina ukweli wa wazi: anayeshindwa dodoso akiwa peke yake anaweza kufaulu somo akiwa na kundi lake. Jambo la kusikitisha ni kwamba mifumo mingi ya vyuo haimtambui mwanafunzi wa namna hiyo. Inamtambua mtu mmoja, nywila moja, kifaa kimoja, na kazi ya pamoja inaiona kuwa karibu na udanganyifu. Kuna udanganyifu wa kweli, bila shaka, na lazima upigwe vita. Lakini mfumo usioweza kuitofautisha hila na hisani umetungwa kwa ajili ya jamii nyingine.

Baada ya yote hayo, wajibu wa mwanafunzi haufutiki. Njia ikiwa salama na masurufu yapo, anayebaki kitandani ana lawama yake mwenyewe, na hakuna falsafa inayopaswa kumfariji. Linalopaswa kukataliwa ni kuanza na lawama hiyo. Mpangilio wa haki huanza na walio na uwezo mkubwa zaidi: serikali na kampuni za simu kuhakikisha kurasa za vyuo zinafunguka bila kula bando, chuo kutunga masomo mepesi yanayopakulika kwa simu ndogo na kufanyika bila mtandao, na kuwaachia milango ya maktaba wazi usiku wasio na pa kusomea, mwalimu kujibu, kwa lugha inayoeleweka, shule ya sekondari kuanza mapema kulea udadisi, familia kuitambua saa ya kusoma ya binti kama inavyotambua ya mwana. Mwisho kabisa ndiye mwanafunzi. Chuo kinachopeleka mtihani mtandaoni kabla ya kutimiza sehemu yake, kisha kikamwandikia aliyefeli kwamba hakuwa tayari, kimemkalifisha asiloliweza, na matokeo hayo hayapaswi kuhesabiwa dhidi yake.